Okidi Yako Haidai Busta, Inadai Kiangazi

Najua ni mwezi wa tano, watu mko kwenye alizeti, simu yangu inaita kuhusu maturubai na bei, na mimi leo nakuja na habari za maua. Mnivumilie. Kuna kaka mmoja wa Iramba aliwahi kuniambia, "Afisa ugani, ua haliliwi." Sawa, haliliwi. Lakini watu wa mkoa huu wanatoa pesa nyingi kununua okidi, zinawafia mikononi, halafu wanauziwa dawa juu ya dawa. Hiyo nayo ni kazi yangu.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mama mmoja hapa Singida mjini, mwalimu mstaafu, kijana wake alimletea okidi kutoka Dar es Salaam. Chungu kimoja, shilingi 80,000, maua meupe yamepangana kwenye shina kama vipepeo. Hiyo ndiyo aina inayoitwa Phalaenopsis, na ndiyo wengi wenu mliyonayo sebuleni. Ilikaa na maua karibu miezi mitatu, yakapukutika, yakabaki majani matano. Mwaka ukapita, hakuna kitu. Akaniita. Nikafika, nikamsalimia, akaniuliza, "Mwanangu, hili ua langu limekuwa tasa?" Mimi kwa haraka zangu nikatazama majani, nikayaona ya kijani kilichokolea, nikamwambia linahitaji virutubisho, anunue busta ya maua. Akanunua chupa ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Majani yakanona. Ua hakuna. Mizizi ya ndani ikaanza kuoza.

Niliporudi mwaka jana nikakuta mmea umewekwa kwenye kona nyuma ya kochi, pazia zito, umwagiliaji kila asubuhi kama mchicha. Mama wa watu alikuwa anafuata nilichomwambia, tena kwa mapenzi yote. Nilimwomba radhi pale pale.

Sasa hebu tuelewane huu ni mmea gani. Okidi nyingi tunazofuga nyumbani hazioti ardhini. Huko kwao hukaa juu ya miti, zimeshika gome kwa mizizi, hazimnyonyi mti, zinakunywa mvua inayoteremka na kula uchafu unaonasa pale. Mizizi yake ina koti jeupe laini kama sponji. Likipata maji linageuka kijani, likikauka linarudi kuwa jeupe la kijivu. Hapo tayari una kipimo cha bure: mizizi ikiwa bado kijani, weka kopo chini, usimwagilie. Na ndiyo maana ukiipanda kwenye udongo wetu mwekundu, au mbaya zaidi udongo wa mbuga, unaizika hai. Mizizi hiyo inataka hewa. Weka vipande vya mkaa vya ukubwa wa kidole gumba, changanya na vipande vya tofali la kuchoma na magome ya mti yaliyokauka. Makumbi ya nazi yakikufikia kutoka pwani ni mazuri, ila yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa kwanza, yana chumvi.

Hayo ni ya kuifanya iishi. Kuchanua ni jambo jingine, na hapa ndipo nina ugomvi na ushauri unaotolewa madukani, ukiwemo ule niliotoa mimi.

Nani hapa hajaona mwembe uliopandwa penye maji ya bafu? Mnene, kivuli kizuri, majani mabichi mwaka mzima, maembe ya kuhesabu. Halafu mwembe wa jirani, umesimama kwenye changarawe, hakuna anayeumwagilia, mwezi wa saba umejaa maua. Mwembe unataka baridi na ukavu ndipo uamue kuzaa. Kahawa nayo, waulizeni watu wa Kagera, hukaa kimya kiangazi, mvua ya kwanza ikigusa inachanua. Mimea mingi inayoonekana migumu kuchanua inasubiri dalili kwamba majira yamebadilika. Ukiinyima dalili hiyo, inaendelea kutoa majani tu.

Kwa Phalaenopsis dalili kubwa ni ubaridi. Ikikaa wiki kadhaa kwenye joto la chini ya nyuzi 25 hivi, usiku ukiwa na ubaridi zaidi ya mchana, inaanza kusukuma shina la maua. Joto likiwa juu usiku na mchana inaendelea na majani. Sasa fikirini. Dar es Salaam, hata mwezi wa saba, mchana unagonga karibu nyuzi 29. Sisi hapa tuko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe chetu cha mwezi wa sita na wa saba kila mtu anakijua, watu wanatembea na makoti. Yaani kitu ambacho wauza maua wa nchi za baridi hukitengeneza kwa mashine kwenye nyumba zao za vioo, sisi tunapewa na Mungu bila bili ya umeme. Halafu tunachukua mmea tunauficha nyuma ya kochi usipate baridi.

Utoe. Usiupeleke uani kwenye jua kali, la hasha, utaungua siku hiyo hiyo. Uweke barazani upande wa mashariki, upate jua la asubuhi mpaka saa tatu, baada ya hapo mwanga bila jua la moja kwa moja. Chini ya mwembe au mwarobaini pia panafaa. Majani yatakuambia. Kijani kilichokolea sana, kama cha mchicha uliowekwa urea, maana yake giza. Kijani cha nyasi changa, hapo hapo. Yakianza kuwa na wekundu au unjano, jua limezidi, sogeza. Usiku ule wa baridi kali, joto likishuka chini ya nyuzi 15, uingize ndani karibu na dirisha, asubuhi utoe tena.

Kuna adui mmoja wa hapa kwetu ambaye vitabu vya maua havimtaji: upepo. Singida ni upepo, hilo sihitaji kumweleza mtu. Shina la okidi likishatoa vichomozo vya maua, upepo mkavu wa mwezi wa nane na wa tisa ukivipiga, vinageuka njano na kudondoka kabla ya kufunguka. Watu wanadhani ni ugonjwa, wanapuliza dawa ya ukungu. Hakuna ukungu hapo. Funga neti ya kivuli upande unakotokea upepo, au panga matofali kama ukuta mdogo. Chini ya chungu weka sinia lenye kokoto na maji kidogo, chungu kikae juu ya kokoto kisiguse maji. Unyevunyevu unaopanda unasaidia. Vyungu vya udongo vinavutia macho, ila kwa ukavu wetu vinakausha mizizi haraka mno. Mimi natumia plastiki iliyotobolewa matundu mengi.

Maji. Maji mengi ya visima vya mkoa huu yana madini na chumvi, mnaona wenyewe masufuria yanavyoganda utando mweupe. Utando huo huo unajikusanya kwenye mizizi ya okidi na kuiunguza ncha. Suluhisho ni maji ya mvua, na msiniambie ni gharama. Vyungu vinne, nusu lita kila kimoja, mara mbili kwa wiki, ni lita 4 kwa wiki. Kiangazi chetu kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja tuseme wiki 30: lita 120. Pipa moja la lita 200 lililojaa kutoka kwenye bati mwezi wa tatu linavusha mwaka na linabaki. Lifunike vizuri mbu wasizaliane.

Kwenye kipupwe punguza umwagiliaji, lakini nielewe vizuri hapa, maana wengine wakisikia kiangazi wanaufungia mmea kama mfungwa. Phalaenopsis haina ghala la maji, ina majani tu. Kwa hiyo acha mizizi iwe mieupe, subiri siku moja, mwagilia. Usipitishe wiki mbili. Zile za miwa miwa mnene, Dendrobium, zina akiba kwenye shina, zinaweza kukaa na kiu zaidi, nazo zinataka jua zaidi ya Phalaenopsis. Na tafadhali, muwa wa Dendrobium uliopukutisha majani usiukate. Unaonekana umekufa, kumbe bado unaweza kutoa maua. Nimeshuhudia mtu akikata sita kwa mpigo huku akijisifu anafanya usafi. Vanda, ile inayoning'inizwa mizizi hewani, kwa hali yetu ya hewa siishauri kabisa. Itakufanya mtumwa wa kopo la maji.

Busta je? Mbolea okidi inahitaji, sikatai. NPK ya kuyeyusha kwenye maji, robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kila wiki mbili wakati mmea unatoa majani mapya na mizizi, yaani kipindi cha masika na joto. Ikifika kipupwe acha au punguza sana. Urea usiguse, mbolea ya kuku usiguse. Lakini chupa inayoahidi maua ndani ya siku 14 kwa mmea uliowekwa gizani ni pesa ya kutupa, na anayeuza bila kuuliza mmea umekaa wapi amekosea kama nilivyokosea mimi.

Ukitaka ushahidi kwamba ukavu hauiui okidi, nenda kwenye miombo tunakopakana na Tabora mwezi wa tisa, miti imepukutisha, ardhi imepasuka. Juu kwenye panda za miti utaona rundo la miwa ya njano na mizizi iliyosimama wima kama ufagio, na maua ya njano yenye madoa ya kahawia. Ni Ansellia africana, Wazungu wanaiita okidi ya chui. Hakuna aliyeimwagilia toka mwezi wa nne. Hakuna aliyeipa busta.

Na hapa nina jambo zito kidogo. Siku hizi wanapita vijana na bodaboda, nyuma kuna kiroba, ndani kuna Ansellia zilizobanduliwa msituni. Elfu tano, elfu kumi, unachagua. Nawasihi msinunue. Mmea huo umeng'olewa mizizi, na mizizi ya okidi ikivunjika haishiki tena kwenye mti mwingine, inabidi iote mipya. Nyingi zinakauka kwenye vibaraza vyenu kabla hazijafika huko. Kuota kutoka kwenye mbegu nako si kama mahindi. Mbegu ya okidi ni vumbi, haina chakula ndani, inasubiri imkute ukungu maalumu wa kuilisha ndipo ichipue. Rundo kubwa unaloliona juu ya mti limechukua miaka mingi. Halafu kuna sheria: msitu wa hifadhi hauchukui kitu bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na okidi zote ziko kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, huwezi kuzivusha mpaka kienyeji.

Wenzetu wa Nyanda za Juu Kusini wanaijua hadithi hii. Kule viazi vya okidi za ardhini vilichimbwa kwa magunia kwenda Zambia kupikwa chikanda, chakula kinachochanganywa na karanga, na kila kiazi kikichimbwa mmea wake umekwisha. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliyoanzishwa 2005 ipo kwa sehemu kubwa kwa ajili ya maua yale. Sisi hatuna Kitulo. Tuna miombo inayogeuzwa mkaa, na okidi zinaungua kwenye tanuri pamoja na matawi. Kama ni shamba lako, una kibali, na mti umeshaangushwa, hilo tawi lenye okidi lifunge lilivyo kwenye mwembe wako wa nyumbani, usiibandue. Mwenye rundo lililokomaa anaweza kuligawa, kila kipande kibaki na miwa mitatu au minne, ampe jirani. Hivyo ndivyo ningependa zisambae.

Mama mwalimu tulimhamishia okidi yake barazani mwezi wa tano mwaka jana. Tulikata mizizi iliyooza kwa wembe uliopitishwa motoni, tukabadilisha udongo ukawa mkaa na tofali, tukafunga neti. Busta iliyobaki nilimwambia apulizie nyanya. Mwezi wa saba mwishoni akanipigia saa kumi na mbili asubuhi, kuna kitu kimetoka pembeni mwa jani, ni mzizi au ni nini? Ncha yake ilikuwa bapa kama kidole cha glavu. Ilikuwa shina la maua. Lilitoa vichomozo saba. Vitatu vilidondoka kwa sababu alikitoa chungu nje ya neti siku ya Jumapili wageni wa kanisani wakione, upepo ukafanya kazi yake. Vinne vilifunguka mwezi wa kumi, vikakaa mpaka karibu na Krismasi.

Juzi kaniuliza kama muda wa kupunguza maji umefika. Nimemwambia asubiri wiki mbili, mvua za mwisho zimechelewa kuondoka.