Anayesoma "Balua" Anajua Kusoma

Kuanzia Kyela mkoani Mbeya hadi Kilolo mkoani Iringa, imani moja haina mpinzani: mtoto aliyelelewa kwa kilugha atachelewa kusoma. Mwalimu huisema kwenye kikao cha wazazi, mzazi huipokea kwa aibu, kisha hurudi nyumbani kumkataza bibi asiongee Kinyakyusa wala Kihehe na mjukuu wake. Ushahidi unaotolewa ni ulimi wa mtoto. Anasema "balua" badala ya "barua", "lula" badala ya "rula". Basi hukumu imepita: kilugha kimemharibu.

Imani hii ni potofu, na inawaumiza watoto. Kosa lake kubwa ni kuchanganya kutamka na kusoma.

Niliwahi kusimama nyuma ya darasa la kwanza wilayani Rungwe wakati wa kipindi cha kusoma. Chati iko ukutani, mwalimu anagusa silabi kwa fimbo, darasa zima linaitikia "ba, be, bi, bo, bu" kwa sauti ya kufika barabarani. Mvulana wa dawati la mwisho aliitikia bila kosa huku akitazama dirishani. Alipoitwa ubaoni asome "bo" peke yake, alianza na "ba", akapanda midomo ikichezacheza mpaka akaifikia. Baada yake aliitwa msichana, akapewa sentensi: "Baba amepata barua." Akaisoma polepole, kidole chini ya kila silabi: "Baba amepata balua." Darasa likacheka. Akaambiwa arudie, akarudia vilevile, akarudishwa kukaa. Hakuna aliyemuuliza baba amepata nini.

Kati ya hao wawili, msomaji ni msichana. Ameona herufi, amezigeuza kuwa sauti, ameziunganisha zikawa neno analolifahamu. Mvulana amekariri wimbo. Lakini siku ile aliyeondoka na aibu ni yule anayesoma.

Kinyakyusa hakina sauti r. Na Kihehe nacho kinatumia l. Mtoto anayezitamka r na l kwa namna moja hana ugonjwa, ana lafudhi. Watu wazima wanayo pia. Ni viongozi na watangazaji wangapi husema "zambi" kwa dhambi, "samani" kwa thamani, "gali" kwa ghali? Hatujawahi kusema hawajui kusoma. Mzaliwa wa London huandika neno lenye r mwishoni na asiitamke, na anasoma magazeti yake kila asubuhi. Tunamtoza mtoto wa miaka saba ushuru ambao hatujitozi wenyewe.

Tuangalie pia anachokuja nacho mtoto huyu. Msingi wa kusoma ni sikio: kutambua kwamba neno limeundwa kwa sauti zinazoweza kutenganishwa na kuunganishwa tena. Sikio la mtoto wa Kinyakyusa limezoea irabu saba, na ndiyo sababu maandishi ya lugha hiyo huongeza herufi ɨ na ʉ. Kiswahili kina tano. Anaijua pia tofauti ya irabu fupi na ndefu. Mwenzake wa Kihehe amekua akisikia toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ikifanya kazi ndani ya maneno. Watoto hawa wanafika shuleni na masikio yaliyonolewa, nasi tunawaambia masikio yao ni kikwazo.

Ujuzi huo hauna mpaka wa lugha. Mtoto akishaelewa kwa Kihehe kwamba neno hukatwa vipande na kila kipande kina mwanzo wake, hahitaji kulielewa hilo upya kwa Kiswahili. Tena hizi ni lugha za Kibantu, ndugu wa damu. Silabi zake hujengwa kwa namna ileile, konsonanti ikifuatwa na irabu, na maneno kama "mama" na "lima" mtoto anayajua kabla hajavuka lango la shule. Hili limewahi kuonekana: wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891 na shule zao zilifundisha kusoma kwa Kinyakyusa. Wazee waliopita humo walihamia kwenye vitabu vya Kiswahili wakiwa tayari wasomaji.

Kikwazo kipo, lakini kiko mahali pengine. Ripoti ya mwaka 2010 ya Uwezo, asasi inayopima watoto kusoma na kuhesabu, ilionyesha kwamba katika watoto 10 wa darasa la tatu nchini, takriban 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Watoto wa mijini walifanya vizuri zaidi, na watetezi wa imani hii wataishika hoja hiyo. Ni kweli, mtoto wa mjini anasikia Kiswahili zaidi, na mara nyingi ana kitabu nyumbani na mzazi aliyesoma. Lakini faida anayoipata kwa kusikia Kiswahili ni msamiati. Mtoto wa Busokelo, huko Rungwe, anaweza kuunganisha "ki-si-ma" barabara kabisa na bado asijue amesoma nini, kwa kuwa neno hilo hajawahi kulisikia. Dawa ya tatizo hilo ni kumpa maneno: hadithi, mazungumzo, vitu vinavyoshikika, na mwalimu anayethubutu kusema maana yake kwa lugha ya nyumbani. Kumsahihisha r hakumwongezei neno hata moja.

Na mzazi anayeacha lugha anayoimudu ili aongee na mwanawe Kiswahili cha kuungaunga, anampa nini? Amri fupi fupi: njoo, kaa, nyamaza. Vitendawili vimekatika, hadithi za bibi zimekatika, maswali marefu ya jioni jikoni yamekatika. Hapo ndipo sikio lilipokuwa likinolewa. Familia imefuata ushauri wa shule na imemnyang'anya mtoto kile hasa alichokihitaji ili asome.

Nakubali kwamba l na r zina uzito katika kuandika. "Kura" si "kula", na "mahari" si "mahali". Watafiti Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichunguza makosa ya tahajia ya watoto wetu na kuonyesha kwamba hata lugha iliyo na maandishi ya utaratibu kama Kiswahili haiandikwi kwa wepesi na mtoto anayejifunza. Lakini kosa la tahajia hurekebishwa kwa jicho na maana: weka "kura" karibu na sanduku la kupigia kura, weka "kula" karibu na sahani, mtoto aandike yote mawili mpaka mkono uzoee. Kicheko cha darasa hakifundishi tahajia. Kinafundisha kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hasomi kwa sauti tena, kwa hiyo mwalimu hapati njia ya kujua amekwama wapi.

Wapo watakaosema natetea ukabila. Hapana. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia ya shule zetu za msingi tangu mwaka 1967, na kimetujengea taifa, kibaki hapo. Najua pia kwamba darasa la Mwanjelwa, jijini Mbeya, lina Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali na Wakinga kwenye dawati moja, na mwalimu hawezi kufundisha kwa lugha zote hizo. Lakini kuijengea njia lugha ya taifa hakudai kuipiga vita lugha ya nyumbani. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inataka Watanzania wajivunie lugha zao za asili. Shule inayomvisha mtoto kibao shingoni kwa kusema neno la Kihehe inakwenda kinyume na sera ya nchi yake.

Kwa hiyo nadai mambo yanayowezekana kesho. Mwalimu wa darasa la kwanza na la pili asihesabu lafudhi kuwa kosa la kusoma. Baada ya kila sentensi amuulize mtoto maana, na jibu la Kinyakyusa au Kihehe lipokelewe. Silabi zifundishwe zikiwa zimechanganywa, mtoto mmoja mmoja, ili wimbo usijifanye kusoma. Vyuo vya ualimu vya Tukuyu, Mpuguso na Kleruu viwafundishe walimu watarajiwa sauti za lugha za mikoa hii, ili anayepangiwa Kyela akitokea mbali ajue kwa nini wanafunzi wake wanasema "balua". Na kwenye kikao kijacho cha wazazi, mwalimu mkuu awaambie akina mama na akina baba waendelee kuwasimulia watoto wao kwa lugha wanayoimudu. Shule ikishindwa kufanya hata hayo, isiendelee kumlaumu bibi. Udhaifu ni wake yenyewe.