MWANAKONDOO AKIACHISHWA ZIWA AKALE WAPI?



Katika mkutano uliopita pale ghalani lilitolewa wazo kwamba wanakondoo waachishwe ziwa wakiwa na miezi miwili, ili mama zao wapandwe mapema. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupinga wala sikupiga makofi, maana swali moja halikujibiwa: wakiachishwa, wakale wapi?

Hesabu yenyewe ni nzuri. Kondoo hubeba mimba miezi mitano, na maziwa yake huwa mengi wiki ya tatu au ya nne, halafu yanapungua. Lakini kuna sharti. Mwanakondoo huzaliwa tumbo lake la kucheulia bado dogo, halijui kazi. Linakua kwa kula majani na pumba kidogo kidogo angali ananyonya. Yule aliyefungwa kamba nyumbani miezi miwili, kisha akanyang'anywa mama, huyo hajaachishwa, huyo amenyimwa chakula. Anayetaka miezi miwili aanze kumwekea majani ya karanga, marando na pumba tangu wiki ya pili. Asiyeweza amwache mpaka miezi mitatu, hakuna aibu.

Sasa malisho. Tumezoea kuwapeleka wote mbugani, eti ndiko kwenye majani mengi. Mengi ndiyo, lakini masika mbuga ina maji, na konokono wadogo wa majini ndio wanaobeba minyoo ya ini. Hata pasipo maji, palipochungwa kondoo wakubwa pana mayai ya minyoo ya tumbo yaliyotoka na mavi. Yanaanguliwa, vijidudu vinapanda kwenye jani lenye umande. Kondoo mkubwa huvumilia. Mdogo ananyonywa damu: mfunue kope utaona weupe, mshike chini ya taya utaona amevimba. Halafu tunasema jirani ana kijicho!

Mimi nasema tukate kona ya ngitili yetu, ile ya juu, kuanzia miembe ya zamani ya njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Kiangazi kilichopita pale walilishwa ng'ombe tu, na minyoo ya kondoo iliyo mingi haistawi tumboni mwa ng'ombe. Pazungushwe miiba, waingie wanakondoo peke yao, tena umande ukishakauka.

Najua wenye ng'ombe wataguna. Watasema ngitili hufungwa masika, ni akiba ya kiangazi, na tukitoboa kona moja kesho itatobolewa nyingine. Hilo ni neno zito, silidharau. Wenzetu wa Shinyanga walipoteza ngitili nyingi, hata serikali ikaanzisha HASHI mwaka 1986 ili miti na majani virudi. Lakini kondoo wa hapa kwetu ni wa akina mama na wazee, mtu ana watatu, ana wanne, ndio sare za watoto na ndio dawa. Kona moja haitaua zizi la mtu. Na wanakondoo watoke mwisho wa mwezi wa tatu, mvua za Aprili zioteshe majani tena, ng'ombe wayakute.

Mkutano ni Jumamosi, saa nne, hapo hapo ghalani. Wenye ng'ombe waje waseme wenyewe. Na ninyi mama zangu msiwaachie waume kuwasemea. Bwana mifugo tumemwita. Mwenye panga aje nalo, miiba ya kukata ipo.

Katibu wa Chama, Tawi