Kuvu Rafiki Humwagwa Shambani, Siyo Ghalani

Ndugu mkulima, kila nikitaja Aflasafe kwenye mkutano wa kijiji lazima mtu asimame: "Bwana shamba, mahindi yetu yanaharibiwa na ukungu, nawe unatuletea ukungu mwingine?" Watu wanacheka. Mimi sicheki. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu. Walikula ugali wa mahindi ya nyumbani kwao, kama unavyokula wewe.

Ndiyo, ni kuvu. Lakini kuvu hawa wamo tayari kwenye udongo wa shamba lako. Wapo wanaotengeneza sumu, na wapo wasioweza kabisa. Aflasafe TZ01 ni hawa wasioweza, waliopatikana hapa hapa Tanzania, wakapakwa kwenye punje za mtama ambazo haziwezi kuota. Ukiwamwaga shambani wanakula ule mtama, wanaongezeka, wanashika nafasi. Ni kama gulioni: aliyefika alfajiri ndiye mwenye meza. Wenye sumu wakija wanakuta pamejaa.

Kinachoniudhi ni hawa wanaongoja mahindi yaingie ghalani, yabadilike rangi, ndipo waulize dawa. Dawa gani tena? Kiasi ni kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajatoa mbelewele, palizi ikiwa imekwisha na ardhi ina unyevu. Udongo ukiwa mkavu kuvu hawaamki, ndege na sisimizi watajilia mtama wako. Ukiifukia kwa jembe umetupa hela. Na anayekuambia uinyunyize kwenye gunia anakuibia mchana kweupe.

Wala usidhani ukishaimwaga ndiyo ruhusa ya kuanika mahindi juu ya vumbi. Tandika turubai, kausha. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha juani.

Sasa ninyi wafanyabiashara wa mazao. Mkulima amegharamia shamba, amekausha, amechambua, halafu mnampa bei ile ile ya jirani yake aliyeleta mahindi mabichi yenye ukungu. Kisha mnayachanganya lori moja! Msimu ujao nani atagharamia tena? Halafu mzigo ukikataliwa sokoni mnasema wakulima wetu wabishi. Ubishi huo mmeununua wenyewe, kwa bei ya gunia.

Na yale mnayochambua na kutupa, nayaona yanakoenda: kwa kuku, na kwa mama wa pombe. Kuchemsha hakuui sumu hii, wala kuisaga. Ng'ombe akiila inatoka kwenye maziwa, na maziwa hayo anakunywa mtoto. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe mtu wala mfugo. Chimba shimo mbali na kisima, fukia.