Mjue Chozi, Ndege wa Maua Yako

Mama mpendwa, mwanao akikuuliza jina la ndege mdogo anayening'inia kwenye ua la mgomba, usimjibu, "Ni ndege tu." Huyo ni chozi.

Wengine humdhania kuwa ni yule ndege mdogo wa misitu ya milimani Amerika Kusini, anayeonekana katika vitabu vya picha. Hawana undugu. Wamefanana kwa kuwa kazi yao ni moja, kufyonza maji matamu ya maua. Yule wa Amerika hufyonza akiwa amesimama hewani, mabawa yakivuma, na huweza kuruka kinyumenyume. Chozi wetu mara nyingi hutua kwanza, ndipo aingize mdomo wake uliopinda.

Kumtambua, anza na dume. Huku bondeni Milepa, mweusi mwenye kifua chekundu na paji la kijani kinachong'aa ni aina moja. Mdogo zaidi, mwenye mgongo wa buluu na kijani na tumbo la njano, ni aina nyingine. Ukipanda Ufipa penye baridi, yuko wa kijani mwili mzima, mwenye manyoya mawili marefu mkiani wakati wa kuzaa. Majike ni wa rangi hafifu, hivyo tazama dume waliyefuatana naye.

Usidhani wote wamekwisha kujulikana. Mwaka 1983 wataalamu walitangaza aina mpya kutoka misitu ya Udzungwa, hapa hapa Tanzania.

Kiota chake ni kifuko kinachoning'inia, chenye mlango ubavuni. Jike hukisuka kwa nyasi na utando wa buibui, hutaga yai moja au mawili, na hulalia mwenyewe. Dume husaidia kulisha makinda wadudu. Ukikikuta karibu na mlango wako, usikifagie.

Sasa, mama, waite wavulana wako wenye manati. Jiwe linalomkosa chozi huweza kumpata mtoto mwenzao jichoni, na jicho likipasuka huenda asione tena. Likitokea, usilisugue, usilioshe kwa nguvu wala kutia dawa ya majani. Lifunike bila kulibana, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Badala ya manati, wape daftari. Kila wamwonapo chozi waandike rangi ya kifua, mkia, na ua alilotua. Jioni wakusomee.