Wageni 14, Nafasi 12: Panga Litampitia Nani Kariakoo?

Timu moja kubwa ya Kariakoo ina wageni 14 kambini, na kanuni za Ligi Kuu Bara zinaruhusu 12 tu. Wawili lazima wapewe "thank you" kabla dirisha halijafungwa.

Mashabiki wengi wanamtaja yule winga aliyesugua benchi msimu mzima. Wanajidanganya. Winga bado ana mkataba wa miaka miwili. Ukivunjwa kienyeji anaenda FIFA, na klabu isipomlipa inafungiwa kusajili. Viongozi hawataki hilo.

Wa kwanza kuondoka ni kipa wa pili. Kipa mgeni wa kukaa benchi ni nafasi imekaa bure, wazawa wapo.

Wa pili ndiye atauma watu: beki wa kushoto. Jamaa anakaba, hana majeraha, hana kelele. Tatizo mkataba wake umebaki miezi sita, kumwacha ni bei chee. Anaondoka anayecheza, anabaki anayelipwa. Halafu mwezi wa kumi krosi zikianza kupita upande ule, lawama zote kwa kocha.

Haya wadau, nyie mngemkata nani?