Njia ni Deni kwa Mgeni

Atembeaye kwa miguu katikati ya Lubumbashi hapotei kwa urahisi. Mji huo, ulioanzishwa mwaka 1910, ulipimwa kwa barabara zilizonyooka na kukatana kama miraba. Ukikosa kona moja, inayofuata itakurudisha. Tena bomba refu la moshi la Gécamines na kilima cheusi cha masalio ya madini huonekana kwa mbali, vikimwelekeza mpita njia.

Lakini pembezoni, mara nyingi viwanja huuzwa kabla njia hazijapimwa. Kichochoro huishia ukutani, na anwani ya nyumba huwa mwembe. Mwembe ukikatwa, anwani nayo imekufa. Mwenyeji huzoea. Aumiaye ni mgeni, na mkunga aliyeitwa usiku.

Wengine husema kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini usiku wa manane utamwuliza nani? Njia ni deni letu kwa asiyetujua. Basi tujengapo, tusiusogeze ukuta barabarani hata hatua moja. Na jina la mtaa tuliandike kwenye kona, alisome yule ambaye hajawahi kufika.