Machifu warudi? Waulizeni Wasambaa kwanza

Wadau, nimeadimika, kazi za semina zimenibana kweli. Ila hili la machifu limenikaa kooni wiki nzima, acha niliteme.

Tangu Rais Samia alipotawazwa Chifu Hangaya kule Mwanza mwaka 2021, kila tukikaa kupiga soga hapa chuoni hakosi mtu wa kusema machifu warudishiwe madaraka, eti enzi zao watu walikuwa na adabu. Mwingine anamjibu kuwa machifu walikuwa vibaraka wa mkoloni, basi, mjadala kwisha. Mimi mtoto wa Lushoto nawaona wote wawili wana haraka.

Kwetu kila mtoto anaijua hadithi ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu. Alipanda milima, akaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba, nyama akagawa, wenyeji nao wakampa vyakula vya shamba. Akaua na simba, mwishowe wakamweka Vuga awe mfalme. (Siku hizi Wasambaa wengi ni Waislamu, kwa hiyo pale kwenye nguruwe msimulizi hupita mbio!) Ni ngano, sawa, lakini angalia inavyosema: mtawala aliingia kwa kazi aliyowafanyia watu.

Ukoo wake, Wakilindi, ulitawala kwa mfalme kuwapeleka wanawe kuwa machifu huku na huko. Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848, alitawala kuanzia milimani hadi karibu na pwani. Na nguvu yake kubwa ilikuwa mvua. Mwanahistoria Steven Feierman, kwenye kitabu chake cha 1990 kuhusu wakulima wa Usambara, anaeleza maneno mawili ya Kisambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme yule yule mwenye dawa ya mvua aliweza kufanya lolote kati ya hayo. Asiye na mpinzani aliiponya, maana nchi ilikuwa yake na njaa ya watu ilikuwa hasara yake. Wakubwa wakianza kupimana ubavu, nguvu kwa nguvu, ndipo njaa inaingia.

Na iliingia. Kimweri alifariki mwaka 1862, na mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kule bondeni kwenye njia ya misafara, akapata bunduki kupitia biashara. Bunduki haihitaji mvua wala ridhaa ya mkulima. Watu waliuzwa utumwani, Vuga ikachomwa. Hao nao walikuwa machifu, tena wa damu, kabla Mjerumani hajakanyaga pale! Kwa hiyo rafiki yangu wa adabu ya zamani, unataka chifu yupi?

Halafu kuna habari ya matuta. Waingereza walianza mpango wa kuzuia mmomonyoko Mlalo mwaka 1946, baadaye ukasambazwa sehemu nyingine za Usambara. Mkulima mwenye kipande kidogo kwenye mteremko mkali alilazimishwa kuchimba matuta, asipochimba faini. Aliyesimamia ni chifu, maana mshahara wake ulitoka serikalini. Watu waligoma mpaka mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 50. Mwaka 1963 sheria ilipofuta utawala wa machifu (na Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu), wa Usambara walikuwa wameshajimaliza kwa wakulima wao.

Ndiyo maana sitaki warudi. Kiti cha urithi hakina mlango wa kumtolea aliyemo. Ila lile swali la wazee nalitaka: huyu anaiponya nchi au anaiharibu? Sisi tunauliza chama gani, digrii ngapi, anatoa fulana au hatoi. Novemba 2024 tulichagua wenyeviti wa vijiji; wangapi tumeshahudhuria mkutano mkuu wa kijiji tangu hapo? Kisheria kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe, na ardhi ya kijiji haitakiwi kugawiwa bila mkutano huo kuridhia. Kule kwetu kwenye vishamba vya kabichi vilivyoning'inia mlimani, hilo si jambo dogo.

Nikienda mazoezi ya kufundisha nikapewa somo la historia, nitaanza na Semboja. Ya Mbegha wameshasimuliwa na bibi zao.